Kaskazi Huleta Mume, Kusi Humwondoa

Zamani, jahazi la kutoka Uarabuni au Bara Hindi halikutia nanga Mombasa wala Vanga siku yoyote lilipotaka. Lilingoja kaskazi, upepo unaovuma takriban Desemba hadi Machi, likarudi kwao kwa kusi kuanzia Aprili. Katikati ya pepo hizo wageni walikaa mjini kwa wiki na miezi wakinunua pembe na sandarusi, na baadhi yao wakaoa. Mwandishi wa riwaya za mapenzi ya kale akishalijua hilo, hana haja ya kubuni kizuizi. Siku ya kuachana imeshapangwa na upepo.

Hapo ndipo ilipo raha ya kazi hii. Wapenzi wa leo wakitengana wana simu mkononi, na mwandishi hana budi kutafuta sababu ya kuwanyamazisha. Wapenzi wa karne ya 19 walitenganishwa na bahari, sheria, nasaba na mirathi, mambo mazito yasiyohitaji kutiwa chumvi.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliutumia msimu huo wa pepo vizuri mno katika riwaya yake Desertion ya 2005. Ni mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Alfajiri anatokea Mwingereza, Martin Pearce, hoi kwa safari. Mwenye duka Hassanali anampeleka nyumbani kwake, na huko yuko dadake, Rehana. Lakini Rehana alikwisha kuolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Azad, aliyesafiri kwao na asirudi tena. Kabla ya mapenzi mapya kuanza, msomaji anaelewa mwanamke huyu anahatarisha nini.

Wakati mwingine historia humtangulia hata mbunifu hodari. Mwaka 1866 Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, na mwaka uliofuata akafunga ndoa huko Aden na Mjerumani Rudolf Heinrich Ruete. Kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 1886. M. M. Kaye, Mwingereza mzaliwa wa Simla, alimwingiza binti huyo katika Trade Wind, riwaya ya mapenzi inayotokea Zanzibar mwaka 1859.

Raha nyingine imo katika vitu vidogo, na hapa mwandishi mvivu huumbuka. Akimvika bibi harusi wa mwaka 1850 kanga yenye jina la fumbo, amekosea: maneno ya Kiswahili yalianza kuchapwa kwenye kanga mapema karne ya 20. Akimpandisha mpenzi gari la moshi kutoka Mombasa hadi Kisumu, asubiri hadi reli ifike huko mwaka 1901. Na akiandika juu ya kijana mtumwa anayempenda binti wa waungwana, ajue kwamba utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Tarehe hiyo moja yaweza kubeba kitabu kizima, maana mwaka mmoja kabla au baada yake hubadilisha kila neno wanaloambiana wawili hao.

Kusini mwa Mombasa kuna hazina ambayo mwandishi angeipenda zaidi. Huko Mkongani, kwenye vilima vya Shimba, Wadigo walirithishana kwa upande wa mama: mali ya mwanamume ilikwenda kwa wapwa wake, watoto wa dadake. Uislamu ulipoenea, mirathi ya sheria ikampa mwana haki yake, na ugomvi kati ya mwana na mpwa ukaingia nyumbani, ukafika na mahakamani. Mfikirie binti wa Mkongani anayeposwa na kijana ambaye babake na mjomba wake wanadai mashamba yale yale ya minazi. Posa hiyo inawahusu wawili na koo nzima kwa wakati mmoja.

Teremka hadi Gazi, pwani. Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa ukoo wa Mazrui, alipambana na Waingereza tangu mwaka 1895, na Aprili 1896 akavuka mpaka kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani pamoja na wafuasi wake. Historia imelihifadhi jina lake na tarehe za vita vyake. Riwaya inaweza kuuliza jambo jingine: ni mke gani aliyefunga mzigo na kumfuata mumewe, na ni yupi aliyebaki Gazi, akasema haondoki?