Mchezaji Aliyesema kwa Macho

Mimi nasema nanyi kwa sauti tu, wala uso wangu hamuuoni. Leo napenda kuwapa habari za bibi mmoja ambaye mambo yake yalikuwa kinyume cha haya: watu wa nchi nyingi waliujua uso wake, lakini sauti yake hawakupata kuisikia.

Bibi huyo ni Asta Nielsen, aliyezaliwa mwaka 1881 katika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Wazazi wake walikuwa maskini, na baba yake alifariki naye angali msichana. Hata hivyo alipata kujifunza uchezaji katika thieta ya kifalme, akahitimu mwaka 1902, akacheza katika majumba ya michezo kwa miaka minane. Kazi hakukosa, sifa ndiyo aliyoikosa. Robert Neiiendam, aliyeandika historia ya michezo ya nchi ile, aliona kwamba kikwazo kilikuwa sauti yake, kwa kuwa ilikuwa nzito, tena si sawasawa. Na jukwaani sauti ndiyo mali ya mchezaji, maana mtu aliyeketi nyuma kabisa hawezi kuyaona macho yake.

Mwaka 1910 mwenzake wa thieta, Urban Gad, alitunga picha ya sinema iitwayo Afgrunden, yaani Shimo Refu. Wakati ule wasomi wengi waliidharau sinema. Katika picha hiyo mwalimu wa piano amwacha mchumba wake, amfuata mwanamume wa sarakasi, na mwisho amwua kwa kisu. Wachezaji wengi wa siku zile wangalipunga mikono na kujipiga kifua, kana kwamba wako jukwaani. Yeye hafanyi hivyo. Polisi wamchukua, naye atembea kimya, uso mtupu, kama mtu ambaye roho imekwisha kumtoka. Alikuwa amefahamu kwamba kamera ni mtazamaji aliyeketi karibu sana, ambaye hahitaji kupigiwa kelele. Hata filamu za zama hizo zilimsaidia: rangi nyekundu ilitoka nyeusi, nyuso zikapakwa poda nyeupe, na macho yake makubwa yakazidi kuonekana.

Picha ile ilipendwa mno, na mwaka 1911 wakahamia Ujerumani. Huko alicheza karibu picha zake zote, nazo zapita 70. Lugha haikumzuia. Picha ilipopelekwa nchi nyingine, yalibadilishwa yale maandishi machache ya katikati tu, nao uso wake ukafahamika bila mkalimani.

Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe, na mwaka 1921 ikatoka Hamlet, naye ndiye Hamlet. Katika picha hiyo mwana wa mfalme kwa kweli ni msichana, aliyelelewa kama mwanamume ili kiti cha enzi kisipotee. Wapenzi wa Shakespeare huenda wakakunja uso. Kwangu mimi jambo hili lina maana, kwa sababu Hamlet ni mtu mwenye siri asiyoweza kuitamka, na kuficha na kufichua kwa macho ndiko kulikokuwa ufundi wa bibi huyu.

Mwaka 1925 alicheza picha moja pamoja na Greta Garbo, aliyekuwa bado kijana. Kisha zikaja picha zisemazo, naye akacheza moja tu, mwaka 1932. Nisingependa kusema kwamba ni sauti peke yake iliyomfungia mlango, maana alikuwa amekwisha kutimiza miaka 51, na sinema haijapata kuwa na huruma kwa wanawake wa umri huo.

Alirudi Denmark, akaandika habari za maisha yake. Katika uzee wake alikuwa akikata vipande vya nguo na kuviunga viwe picha. Alifariki mwaka 1972, mwenye miaka 90.