Juma la 49: Siku Saba za Mtafiti Aliye Mbali na Wagonjwa Wake

Kwa hesabu ya Kiswahili, juma huanza Jumamosi. Ndiyo maana siku ya tatu ikaitwa Jumatatu. Nchini Sweden juma huanza Jumatatu, tena hupewa namba. Vikao, likizo na tarehe za kuwasilisha kazi hupangwa kwa namba hizo, na mgeni asiyejua kwamba mwanzo wa Desemba huangukia juma la 49 anaweza kujikuta amekosa kikao.

Mwanafunzi wa uzamivu anayetoka Dar es Salaam kwenda Taasisi ya Karolinska, jijini Stockholm, hulazimika kuizoea kalenda hiyo mapema. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1810 ili kuwafunza madaktari wa upasuaji wa jeshi, na ushirikiano wake na Muhimbili katika utafiti wa UKIMWI ulianza miaka ya 1980. Katika ushirikiano wa namna hii, mwanafunzi hugawa masomo yake baina ya nchi mbili: hukusanya taarifa Tanzania, hukaa ughaibuni miezi michache akichambua na kuandika, kisha hurejea nyumbani. Uzamivu wa Sweden huhesabiwa kuwa sawa na miaka minne ya masomo ya muda wote, na katika fani za tiba tasnifu hujengwa mara nyingi juu ya makala kadhaa za kitaaluma.

Juma linaloelezwa hapa ni la mfano, lililojengwa juu ya utaratibu huo. Mwanafunzi wake ni daktari wa watoto. Anachunguza ni mara ngapi watoto wenye homa hupewa viuavijasumu katika zahanati pasipo sababu ya kitabibu. Swali hilo ni zito, kwa kuwa matumizi yasiyo ya lazima huongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Amebakiwa na majuma matatu kabla ya kurudi nyumbani.

Jumatatu: swali

Kikao na msimamizi hufanyika asubuhi. Jambo la kwanza analopaswa kulizoea ni kumwita profesa kwa jina lake la kwanza, kama Waswidi wote wafanyavyo. Kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo, ulimi husita.

Majedwali yanawekwa mezani. Katika zahanati mojawapo, fomu nyingi za Aprili hazikujazwa. Mwanafunzi amepanga kuwaondoa watoto hao katika hesabu, jambo ambalo programu ya takwimu hulifanya yenyewe usipoiagiza vinginevyo. Msimamizi anauliza swali moja: watoto hao ni akina nani? Hakuna jibu. Kikao kinaahirishwa hadi Ijumaa.

Jumanne: giza

Saa ya Kiswahili hufuata jua: likichomoza, ni kama saa kumi na mbili, likitua, ni saa kumi na mbili nyingine. Hesabu hiyo haifai Stockholm. Mwanzoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na zaidi ya dakika ishirini asubuhi, nalo hutua kabla ya saa tisa alasiri. Anayeingia maktabani mapema na kutoka jioni hupitisha siku nzima bila kuliona.

Mwili huona tofauti hiyo. Mwanga wa asubuhi ndio unaousaidia ubongo kupanga saa za kulala na za kuamka; ukikosekana, usingizi huvurugika, na kwa baadhi ya watu moyo huwa mzito kwa miezi kadhaa. Tena, katika latitudo ile, jua la majira ya baridi halitoshi kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko nyeupe. Waswidi huongeza vitamini hiyo katika maziwa. Mwanafunzi naye hutoka nje saa sita mchana, hata theluji ikianguka, hula samaki wenye mafuta, na huzungumza na mhudumu wa afya kabla ya kununua vidonge. Huzuni inayodumu wiki baada ya wiki si udhaifu wa tabia, nayo inastahili tiba kama homa inavyostahili.

Jumatano: simu

Tofauti ya saa baina ya miji hii miwili, wakati wa baridi, ni saa mbili. Saa nane mchana Stockholm ni saa kumi alasiri Dar es Salaam, foleni ya zahanati ikiwa imekwisha. Mwanafunzi anampigia muuguzi mkongwe aliyesimamia ujazaji wa fomu.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, daktari. Baridi ya huko haijakumaliza?”

Anaulizwa kuhusu Aprili.

“Hao hatukuwajazia fomu. Daraja lilikwenda na maji. Mama wa ng’ambo ya mto walivumilia nyumbani, wakaja mtoto ameshazidiwa. Nachoma sindano ya kwanza, natafuta bodaboda awahi hospitali. Kalamu ningeishika saa ngapi? Lakini kwenye rejesta wamo wote.”

Maneno hayo yanabadilisha utafiti. Mwongozo wa tiba ya watoto huelekeza kwamba mtoto mwenye dalili za hatari apewe dozi ya kwanza ya kiuavijasumu kabla ya kupelekwa hospitali. Watoto wa Aprili, basi, walipewa dawa kwa haki. Wakiondolewa katika hesabu, wanaobaki ni wale wenye homa za kawaida, na sehemu ya dawa zilizotolewa bila sababu itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Makala ingewalaumu wahudumu kwa kosa ambalo kwa kiasi fulani ni la jedwali, na muuguzi aliyeacha fomu ili kuokoa mtoto angekuwa miongoni mwa wanaolaumiwa.

Alhamisi: kibali

Kujua taarifa zilipo si ruhusa ya kuzichukua. Rejesta ya MTUHA ina majina ya wagonjwa, na kibali cha awali cha maadili kilihusu fomu za utafiti tu. Siku nzima inakwenda katika kuandika maombi ya kurekebisha kibali: ni safu zipi zitanakiliwa, nani atanakili, majina yatafutwaje kabla taarifa hazijavuka mpaka. Wataalamu wa takwimu nao wanashauri matokeo yaonyeshwe kwa njia zaidi ya moja, ili msomaji aone pengo lile lina uzito gani.

Ijumaa: uamuzi

Kikao ni kifupi. Msimamizi wa Dar es Salaam anajiunga kwa video. Makala haitatumwa jaridani kabla mwanafunzi hajasafiri, na tathmini ya nusu ya masomo itasogezwa mbele. Si hasara ndogo: ufadhili una ukomo. Hata hivyo wote watatu wanakubaliana kwamba hitimisho lisilo la haki lingekuwa ghali zaidi.

Jumamosi na Jumapili

Katika bweni, chumba cha kufulia hutumiwa kwa zamu iliyoandikishwa; ukichelewa, zamu huchukuliwa na mwingine. Baada ya kufua, mwanafunzi hupanda treni ya chini ya ardhi hadi Rinkeby, kitongoji chenye wahamiaji wengi, kutafuta unga na viungo vya nyumbani. Jumapili huzungumza na watoto wake kabla hawajalala, jambo linalomtaka apige simu mapema kuliko saa ya Stockholm inavyomdanganya.

Kwa wanaojiandaa kusafiri

Chuo cha ugenini humpa mwanafunzi maktaba, wataalamu wa takwimu na nafasi ya kuulizwa maswali magumu. Majibu ya mengi ya maswali hayo yamebaki kwa waliojaza fomu. Kabla ya kuondoka, aandike shajara ya ukusanyaji: mvua, migomo, dawa zilizokwisha, siku ambazo zahanati ilibaki na mhudumu mmoja. Achukue namba za simu za wauguzi, na si za wakuu wao pekee. Aombe kibali kinachoruhusu kurejea kwenye rejesta endapo fomu zitapungua. Na jina la muuguzi lionekane katika shukrani za makala, naye apelekewe matokeo kwa lugha anayoisoma.