Imani, Amana na Karamu ya Krismasi

Miongoni mwa maneno tunayoyatumia kila siku kanisani na shuleni yako matatu ambayo watu huyachanganya kana kwamba ni neno moja, nayo ni kuamini, kutumaini na kutegemea. Mwanafunzi akiulizwa tofauti yake, mara nyingi hujibu ya kuwa yote ni sawa. Mimi nami nalijibu hivyo miaka mingi, hata Krismasi moja nilipowaalika majirani wa mtaa wetu hapa Tanga, nikafundishwa tofauti hiyo na sufuria ya wali. Nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji kwanza maneno yenyewe, kisha desturi, kisha jambo lililotupata.

Tuanze na kuamini. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni herufi tatu: alifu, mimu na nuni. Katika shina hilo yametoka pia imani, amani na amana. Hata neno Amina, tunalofungia sala, ambalo asili yake ni Kiebrania, ni la shina hilo hilo, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Maana yake ni jambo lililo thabiti. Kwa hiyo imani si kukubali habari kwa akili tu. Ni ndugu wa amana, yaani kitu alichokuwekea mwenzako ukitunze mpaka atakapokitaka.

Kutumaini nako ni Kiarabu, walakini shina lake ni jingine, na maana yake ya asili ni kutulia moyo. Basi mtu aweza kuamini ya kuwa Mungu yupo, na moyo wake usitulie usiku kucha.

Kutegemea ni neno letu la Kibantu: kuweka uzito wako juu ya kitu, kama mzee juu ya mkongojo. Wahenga walituonya, “Mtegemea cha ndugu hufa maskini.” Msomaji aangalie vema: hawakusema mtegemea ndugu, bali cha ndugu, yaani mali yake.

Sasa desturi. Neno jirani kwa Kiarabu ni la wingi; sisi tumelifanya la mtu mmoja, tukalitungia wingi mwingine, majirani. Pwani yetu, nyumba ikipika chakula cha sikukuu, jirani hupelekewa sahani iliyofunikwa kawa, wala sahani ile hairudi tupu. Siku ya Idi twaletewa. Siku ya Krismasi, ambayo wengine huiita Noeli, twapeleka. Tena, kwa kuwa majirani wengi ni Waislamu, Mkristo mwenye karamu humwomba jirani Mwislamu amchinjie, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Hilo si kuficha dini. Ni adabu ya mwenyeji.

Na kuifanya Krismasi kuwa siku ya watu wote si jambo geni pwani. Katika mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali pale pale palipouzwa watu. Waliojenga hapo walitaka mahali pa majonzi pawe mahali pa kuwakaribisha watu.

Basi nikaazimia kualika mtaa mzima. Mtu mmoja aliniahidi fedha za mchele na mbuzi wa pili, nami kwa ahadi yake nikawatuma watoto nyumba kwa nyumba kupeleka mwito. Siku tatu kabla ya sikukuu nikapata habari ya kuwa fedha haziji. Nikahesabu: watu walioitwa wapata 120, mchele uliomo nyumbani ni kilo 9, na kwetu kilo moja ya mchele yatosha watu wanane. Basi watu 72 wangekula, na 48 wangetazama.

Usiku ule nalisali, na moyo wangu haukutulia. Nikafikiri kutuma neno kwamba karamu ni ya watu wa kanisani peke yao. Nilipomwambia mke wangu, aliniangalia kitambo, akasema, “Mwalimu, mwito ukiisha kutoka ni amana. Wale walioitwa wamekwisha kutuamini. Utaichukuaje tena imani ya watu?” Nami, niliyefundisha maneno hayo darasani, sikuwa na la kujibu.

Asubuhi nikaenda kwa mzee jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa atuchinjie. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitikia, “Marahaba, mwanangu.” Nikamweleza upungufu wetu wote, nikiona haya kubwa. Akanyamaza, kisha akasema, “Jifya moja haliinjiki chungu. Kwani ulituita tuje tutazame mikono yako?” Hakusema zaidi, akaendelea kunoa kisu chake.

Alfajiri ya Krismasi wakaja akina mama wa mtaa na mbuzi zao za kukunia nazi. Huyu alileta mihogo, huyu ndizi, huyu samaki wa kukaanga, na mjane aishiye nyuma ya nyumba yetu alileta kibaba cha mchele katika kitambaa. Nisiseme lisilokuwa: wali haukuongezeka chunguni. Uliwaishia watu wa jamvi la mwisho, na hao walikula muhogo wa nazi na samaki, nami nikiwa mmoja wao. Walakini hakuna aliyerudi na njaa.

Nimelifikiri sana jambo hili. Katika habari ya watu elfu tano, Bwana aliwauliza wanafunzi kwanza wana mikate mingapi. Kuhesabu, basi, si upungufu wa imani. Kosa langu lilikuwa lingine. Naliyategemea mali ya mtu, nikayaita majaliwa ya Mungu; na yaliponiponyoka nikataka kuuficha upungufu, kwa kuwa naliogopa aibu. Laiti ningeendelea kuuficha, ningeufunga mlango ule ule ambao msaada uliingilia. Mjane wa Sarepta alimwambia Eliya wazi ya kuwa amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Hakujifanya tajiri mbele ya mgeni.

Liko na swali jingine, ambalo vijana huniuliza: karamu kama hii si chambo cha kuwavutia watu katika dini? Najibu ya kuwa chambo huwa na ndoana ndani yake. Ukimlisha jirani ili apate kukuwia deni, hujamkaribisha, umemnunua. Baada ya kula nalisimulia habari ya kuzaliwa kwa Bwana kama tunavyoiamini sisi. Mzee yule naye alieleza jinsi Sura ya Maryamu inavyosimulia kuzaliwa kwa Isa karibu na shina la mtende. Tofauti zetu hazikufichwa, wala hazikuleta ugomvi. Nalo jina Bethlehemu likatupa mazungumzo mema, kwa maana kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, na kwa Kiarabu ni nyumba ya nyama. Na siku ile nyumba yetu ilikuwa imeona kidogo cha yote mawili.

Basi, anayetaka kuwaalika watu wa mtaa wake na ahesabu alicho nacho, aseme kweli juu ya asicho nacho, wala asiutangue mwito aliokwisha kuutoa. Akiyafanya hayo amekwisha kuamini na kutegemea. Kutulia kwa moyo huenda kukachelewa. Kwangu mimi kulikuja jioni, sahani za majirani zilipokwisha kuoshwa, na mke wangu akawa anatafuta cha kutia katika kila moja kabla ya kuzirudisha.