Saratani Itilima: Usilinganishe Debe na Kilo
Na Mwandishi Wetu

LAGANGABILILI – Mgonjwa mmoja wa saratani anaweza kumaliza mtaji wa duka, akiba ya kikundi na zizi la ng'ombe kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana ukurasa huu, uliozoea pamba, choroko na dengu, wiki hii unaangalia hesabu nyingine: je, saratani inaua zaidi huku kuliko kwingine nchini?

Mengi yamesemwa kuhusu Kanda ya Ziwa kuwa na wagonjwa wengi. Wapo wanaotaja migodi, wengine dawa za mashambani, wengine maji. Mfanyabiashara makini hanunui mzigo kwa maneno ya mnadani, anaomba mizani. Tuanze na mizani ya taifa.

BEI YA TAIFA

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kuwa mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya 40,464 na vifo 26,945. Kwa nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 60, hiyo ni vifo 45 hivi kwa kila watu 100,000.

Sensa ya 2022 iliupa Mkoa wa Simiyu watu 2,140,497. Kama mkoa ungekwenda sawasawa na taifa, ungetarajia vifo karibu 960 kwa mwaka. Wilaya ya watu 400,000, ambayo ndiyo kadiri ya Itilima, ingetarajia 180, na kata ya watu 20,000 ingetarajia tisa.

Hesabu hizi hazisemi kilichotokea. Ni bei elekezi tu, ya kupimia takwimu za huku zikija mezani.

Kwa kipimo hicho hicho, mikoa sita ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Kagera, Geita, Mara, Shinyanga na Simiyu, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16 katika sensa hiyo. Hao ni zaidi ya robo ya nchi. Basi hata pasipo sumu wala mkosi wowote, kati ya wagonjwa 100 wa saratani nchini, 26 au 27 wangetoka kanda hii. Anayetangaza "wengi wanatoka Ziwa" aulizwe kwanza: wengi kuliko hao?

MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza ni umri. Uingereza watu zaidi ya 160,000 hufa kwa saratani kila mwaka kati ya watu milioni 67 hivi. Hiyo ni karibu 240 kwa kila 100,000, mara tano ya kiwango chetu. Hakuna atakayesema Uingereza ina hospitali mbovu kuliko Tanzania. Wana wazee wengi, na saratani hupenda umri mkubwa. Simiyu ni mkoa wa kaya kubwa na watoto wengi, hivyo kiwango ghafi cha huku kinaweza kuonekana kidogo wakati watu wazima wanakufa kwa wingi. Wataalamu husawazisha umri kwanza, ndipo hulinganisha. Takwimu isiyosawazishwa ni sawa na kulinganisha debe na kilo.

Mtego wa pili ni mipaka. Mkoa wa Simiyu ulianza rasmi mwaka 2012, ukimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na Itilima ikazaliwa kutoka Bariadi. Vifo vya kabla ya hapo vimelala katika madaftari ya Bariadi na Shinyanga. Mtu akichora mstari wa miaka ishirini wa "Itilima", aeleze ameunganishaje vipande.

Mtego wa tatu ni mahali pa kuandikia. Mgonjwa wa Lagangabilili hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Akifia huko, au akitaja anwani ya ndugu aliyemhifadhi, kifo chake kinaweza kuhesabiwa Mwanza au Dar. Akifia nyumbani bila kusajiliwa, hakihesabiwi popote. Tena Bugando ilipoanza kutoa tiba ya mionzi katika muongo wa 2010, waliokuwa wakibaki nyumbani walipata pa kwenda. Wagonjwa kuongezeka kwenye daftari hakuna maana kwamba ugonjwa umeongezeka kijijini kwa kiasi hicho.

Mtego wa nne ni uchache. Kata inayotarajia vifo tisa inaweza kupata vinne mwaka huu na kumi na vinne mwakani kwa bahati tu. Mwaka mmoja si mwelekeo, kama vile siku moja ya mnada si msimu. Kwa kata, jumlisha miaka mitano au zaidi. Kwa mkoa, miaka mitatu inaanza kusema kitu.

PALIPO NA HASARA YA KWELI

Ipo takwimu moja ambayo haihitaji kusubiri. Kwa makadirio hayo ya 2020, Tanzania ilikuwa na vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu. Kwa dunia nzima ilikuwa kifo kimoja kwa kila wawili. Pengo hilo linatokana zaidi na kuchelewa: wagonjwa wengi hufika hospitali kubwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati tiba ni ghali na matumaini ni madogo.

Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilikadiriwa kuwapata wanawake 10,241 na kuua 6,525 kwa mwaka, karibu robo ya vifo vyote vya saratani nchini. Hii ndiyo inayozuilika zaidi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kwa mama zao kuna kipimo cha siki, kinachoonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani. Mwenye virusi vya UKIMWI yuko katika hatari kubwa zaidi, asikose kupimwa.

Kwa wenye malambo, kichocho cha kibofu kisichotibiwa huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Kwa wenye maghala, sumukuvu katika mahindi na karanga huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Hapa afya na soko vinakutana: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti. Aliyekausha vizuri na kuhifadhi juu ya chaga analinda ini la mlaji na bei yake mwenyewe.

HESABU YA KIKUNDI

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu wazima 300 na mfuko wa msiba. Kwa wastani wa 45 kwa 100,000, kingetarajia kifo kimoja cha saratani kila miaka saba hivi. Lakini zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania walikuwa chini ya miaka 15 katika sensa ya 2022, na saratani huua zaidi watu wazima. Ukiwaondoa watoto katika hesabu, kifo hicho kinakuja kila miaka minne au mitano. Kikundi kilichopanga michango kwa wastani wa taifa bila kutazama umri wa wanachama kitakuta sanduku tupu siku ya haja.

USHAURI WA WIKI

Anayekuletea takwimu ya saratani ya Itilima muulize maswali manne: imesawazishwa umri? Ni ya makazi au ya hospitali? Ni ya miaka mingapi? Mipaka ni ya lini? Akishindwa kujibu, usifunge biashara, usiuze kiwanja, wala usihame.

Ndugu akifa, msajilini kifo na kutaja makazi yake halisi, maana mkoa usioandika vifo vyake hauwezi kudai mashine wala madaktari. Vikundi navyo vitenge fungu la nauli na vipimo vya mapema kando ya mfuko wa msiba. Nauli ya kwenda Mwanza na kurudi ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe anayeuzwa kwa haraka mgonjwa akiwa tayari kitandani.