Jerusalem Iko Jogoo Road

Makanga hushinda wakiita "Jericho! Jerusalem!" na hakuna abiria anayewaza Biblia, anawaza nauli. Nimekulia mtaa wa Jericho, Nairobi, hatua chache kutoka uwanja wa Camp Toyoyo, na Myahudi nilimjua kwa mahubiri tu. Kumbe wapo mjini, tena wana rekodi zao.

Nyumba yao ya ibada kongwe zaidi Nairobi iliwekewa jiwe la msingi mwaka 1912. Sinagogi linalosimama sasa, pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, ni la 1955. Mwaka huohuo Israel Somen, Myahudi, akawa meya, halmashauri ya jiji ikiendelea kutujengea nyumba huku Eastlands.

Aliyepanda ngazi ndefu kuliko wote, kwangu mimi, ni Abraham Block. Alizaliwa Lithuania, akapitia Afrika Kusini, akafika hapa 1903. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushona magodoro ya nyasi. Fundi wa Gikomba anaijua hiyo kazi: unajaza, unashindilia, unachoma sindano ndefu hadi itokee upande wa pili, vidole vikiota sugu. Mwaka 1927 Block akainunua hoteli ya Norfolk.

Jina potofu kupita yote ni "Mpango wa Uganda". Nchi ambayo Waingereza waliwapendekezea Wayahudi mwaka 1903 ilikuwa Uasin Gishu, Kenya hii hii. Wenyeji hawakuulizwa. Wazayuni wenyewe waliikataa 1905.

Uganda yenyewe ikapata Wayahudi bila mpango wa mtu. Mwaka 1919, karibu na Mbale, jemadari Semei Kakungulu alilisoma Agano la Kale, akajitahiri na kuwatahiri wanawe. Ndio mwanzo wa Abayudaya. Rabi wao Gershom Sizomu alisimikwa Los Angeles mwaka 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge. Hata hao si kitu kimoja: wa kijiji cha Putti walijitenga wakafuata Uyahudi wa Kiothodoksi. Uingereza ni vilevile. Stamford Hill wamejaa wenye kanzu nyeusi na masharti makali, na kwingineko London rabi ni mwanamke.

Walio karibu nasi zaidi kwa lugha na kwa chakula wako Kasuku, Nyandarua: wakulima Wakikuyu waliokuwa wafuasi wa kanisa la Kimesiya, kisha wakamwacha Yesu wakabaki na Torati. Kwao Sabato huingia Ijumaa jioni, wakati sisi Jericho ndio kwanza tunatafuta nyama choma.