Nyumba za Kyela: Tofali Husubiri Msimu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia viwanja. Leo tuingie kwenye tofali lenyewe, maana Kyela nyumba nyingi hujengwa bila mkopo wa benki, na ratiba ya fundi hupangwa na mvua, mpunga na kakao.

Bonde hili, lililobanwa kati ya Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone na miinuko ya Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo hukolea Machi hadi Mei, wakati mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inapofurika. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Kwa hiyo hufyatuliwa kiangazi, likapangwa tanuri, likachomwa kwa kuni au pumba za mpunga. Kiangazi ndipo pia mpunga unapokuwa umevunwa na kuuzwa. Jua na fedha hukutana, ila kwa muda mfupi.

Mwaka huu msingi, mwakani kuta hadi madirishani. Halafu mtoto anafaulu, na fedha ya lenta inakwenda shule. Ukipita njia ya Ipinda utaona kuta zisizo na paa, nondo zimeshika kutu, tanuri limemezwa na nyasi, mgomba umeota sebuleni. Mgeni atadhani mwenye nyumba ameshindwa. Kumbe hiyo ndiyo akiba yake. Fedha iliyo mfukoni shemeji ataiomba. Tofali lililochomwa haombi mtu.

Kakao imebadili mwendo huo. Zamani mkulima mwenye shida aliuza kakao mbichi kidogo kidogo, biashara wanayoiita njemke, na fedha ikaishia kwenye sukari na sabuni. Kwenye mnada wa stakabadhi ghalani malipo huja kwa mkupuo, na mkupuo hununua bati. Ghana na Ivory Coast zilipovuna haba, bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024. Baadaye ilishuka, lakini bati likishapigiliwa haliteremki na bei.

Upande wa watu, sensa ya 2002 ilihesabu takriban 174,000 wilayani. Ya 2012, zaidi ya 221,000. Idadi peke yake haielezi kiu ya nyumba. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa, wenyeji wa huku, miaka ya 1930, aliandika kuhusu vijiji vya marika: mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka kwa baba, akajenga kibanda na wenzake, na walipooa pakawa kijiji kamili. Ardhi ilikuwepo ya kuwapa. Desturi ya vijiji hivyo imekwisha, lakini naona hamu yake haijaisha: kijana bado anataka mlango wake kabla ya kuoa. Kilichopungua ni mahali pa kuuweka, kwani upande mmoja ni ziwa, mwingine ni mlima, na katikati mashamba ya baba yamegawanywa kwa wana wanne.

Kasumulu, mpakani na Malawi, hesabu ni nyingine kabisa. Pale mpangaji ni dereva au mfanyabiashara, na kodi huingia kila mwezi. Ndiyo maana safu ya vyumba sita vya kupanga hupata bati, milango na vitasa kabla mwenyewe hajapiga lipu nyumba anayolala.