Mfuko wa Hewa: Baruti Ndani ya Usukani

Mfuko wa hewa wa gari hukunjwa ndani ya usukani, na mwingine ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigonga kwa nguvu, vihisio hupima jinsi mwendo ulivyokatika ghafla na kuijulisha kompyuta ndogo. Shimo la barabarani au breki ya ghafla haviishtui. Ikihakikisha kwamba ni ajali, hupeleka umeme kwenye kiwashio, vidonge vya kemikali huungua, na gesi, hasa naitrojeni, huujaza mfuko. Ukiigawa sekunde moja mafungu 20, yote hayo humalizika ndani ya fungu moja. Kichwa cha dereva hupokewa na mfuko unaoanza kunywea kupitia matundu ya nyuma. Unga mweupe unaotapakaa ndani ya gari huwatisha wengi wakidhani gari linaungua, kumbe mara nyingi ni poda iliyopakwa ili mfuko usigandamane.

Kasi hiyo huumiza pia. Asiyefunga mkanda hutupwa mbele na kuukuta mfuko ungali unafumka, nao humpiga badala ya kumkinga. Ndiyo maana dereva hushauriwa kuacha sentimita 25 kati ya kifua na usukani, na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko.

Mjini Kisangani, Kongo, wengi husafiri kwa pikipiki na kwa toleka, yaani baiskeli za kubebea abiria, zisizo na mfuko wowote. Magari nayo mara nyingi ni yaliyokwisha kutumika ng'ambo, na mji wenyewe uko karibu na ikweta, katikati ya msitu, joto na unyevu mwaka mzima. Joto na unyevu wa namna hiyo ndivyo vilivyoiponza Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa. Mifuko yake mingi ilitumia nitrati ya amonia, ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, huungua kupita kiasi na kupasua kopo lake la chuma, vipande vikamrukia dereva. Watu walikufa, magari ya Toyota, Honda na mengineyo yakaitwa kurekebishwa kwa mamilioni, na mwaka 2017 Takata ikafilisika.

Mnunuzi wa gari kuukuu na aangalie taa ya mfuko wa hewa, iitwayo SRS: ufunguo ukizungushwa huwaka sekunde chache, kisha huzima. Isipozima, au isipowaka kabisa, mfuko huo si wa kutegemewa. Namba ya chesisi nayo ipelekwe kwa mtengenezaji, aseme kama gari liliitwa. Fundi asiguse nyaya za usukani kabla ya kuchomoa betri na kusubiri dakika kadhaa.